Perline Hakuwa Ndugu wa Mtu

Perline alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta pale Hombo, juu ya mji wa Mutsamudu, na kazi yake ilikuwa kushona mashuka ya hospitali. Nasema alikuwa, ingawa yu hai na asubuhi hii nimemsikia akimfokea paka. Namsimulia kama mtu wa zamani kwa sababu mambo yenyewe ni ya mwaka wa tisini na saba, na sisi wa kisiwa cha Nzuani mwaka ule tunauita zamani ili usitukaribie tena.

Alizaliwa Majunga, huko Madagaska. Akaolewa na mtu wa kwetu, Anli, fundi seremala, wakaja pamoja kwa zile ndege za mwaka wa sabini na saba zilizowaondoa Wakomoro waliokuwa wakiuawa Majunga. Anli hakuishi sana baada ya hapo. Perline akabaki, yeye na Ukristo wake. Kwa miaka ishirini wanawake wa mtaa walimsubiri asilimu. Hawakumsumbua, walimsubiri tu, kama mwenye nyumba anavyomsubiri mgeni amalize chai. Naye alipika nasi kwenye harusi, alilia nasi kwenye misiba, na kila padri alipovuka bahari kutoka Moroni, makao ya serikali ya Komoro, yaani Jumapili mbili kwa mwezi, alivaa viatu vya kufunga akateremka kwenda kusali kwao.

Jumapili ya mwisho ya Agosti, alinihadithia, padri alihubiri juu ya wafungwa. Alisema anayekwenda kumtazama mfungwa ni kama amekwenda kumtazama Bwana mwenyewe, na kwamba mwito huo haumhusu padri peke yake. Waliomsikiliza walikuwa kumi na wanne: walimu wa Kifaransa, daktari na mkewe, Wamadagaska wachache. Wiki iliyofuata mambo yakachafuka, na watu kumi na watatu wakaondoka kisiwani. Perline akabakiwa na mwito mzima.

"Pengine padri alikuwa anamwambia daktari," nilimwambia.

"Daktari kaondoka."

"Basi kaondoka nao."

"Hakuuchukua," akasema Perline. "Nimeangalia."

Mambo yaliyochafuka yalikuwa haya. Tangu mwanzo wa Agosti wakubwa wetu walikuwa wametangaza kwamba Nzuani imejitoa katika serikali ya Moroni. Wakapandisha bendera ya Ufaransa na kuomba turudishwe kwa waliotutawala, nao waliotutawala wakajibu kwa adabu kwamba hawatuhitaji. Basi tukawa hatumo kwa mtu. Mwanzo wa Septemba Moroni ikaleta askari waturudishe. Wakapigwa siku mbili, na waliotekwa wakatiwa katika gereza la mji wetu.

Na gereza letu halikuwa na jiko. Mfungwa alikula kinachotoka kwao. Kila siku kabla ya adhuhuri wake na mama walijipanga mlangoni na sufuria zilizofungwa kwa vitambaa, kila nyumba na kitambaa chake, na askari wa zamu akitazama kitambaa tu alijua hiki ni chakula cha nani. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa mtu mwenye ndugu. Wale askari wa Moroni walikuwa wanane, na ndugu zao wote walikuwa ng'ambo ya bahari ambayo vyombo havikuivuka tena.

Perline akapika muhogo wa nazi, akateremka nao. Nilimfuata kwa nyuma kidogo. Mimi ni mtu wa kutazama, na sikutaka apigwe bila shahidi.

Mlinzi wa mlango alikuwa Combo. Kabla ya fujo alikuwa mchukuzi wa bandarini. Sasa alikuwa na bunduki, meza na daftari, na katika vitatu hivyo alichokipenda zaidi ni daftari.

"Unamletea nani?"

"Wale wa Moroni."

"Wewe ni nani wao?"

"Si mtu wao. Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na Yesu."

Combo akashika kalamu. "Jina la baba yake?"

Foleni nzima ikageuka kumtazama Combo. Bi Zaitoun, ambaye mumewe alikuwa ndani kwa ugomvi wa shamba, ndiye aliyesema kwanza. "Nabii Isa hana baba, wewe Combo. Ulisoma chuo gani?"

"Najua kama hana, bweni. Namuuliza kwa utaratibu." Bweni ndivyo kwetu anavyoitwa mwanamke wa heshima. Akamgeukia Perline. "Enhe?"

"Hilo ni neno refu," akasema Perline.

"Basi Nabii Isa, amani iwe juu yake, hajaacha karatasi yoyote hapa. Chakula kinaingia kwa mkono wa ndugu. Na ninyi tunawajua. Leo muhogo, kesho kitabu."

Perline akarudi na sufuria yake. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa, akarudishwa. Siku tatu mtaa wetu ulikula muhogo wa wafungwa, na kwa kweli ulikuwa mtamu.

Nilimcheka, si haba. Kisha ikaja habari ya Yazid.

Yazid ni mwanangu wa kwanza. Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na mitatu, yuko Moroni anajifunza kutengeneza majokofu, amepanga chumba Badjanani, katika vile vichochoro vya karibu na msikiti mkongwe wa Ijumaa. Baada ya askari wao kushindwa kwetu, watu wa Moroni walitafuta Wanzuani wa kukasirikia, na Yazid alikuwa karibu. Walimkuta na redio, akisikiliza habari kama kila mtu. Lakini alipofungua mdomo kujieleza, lafudhi ikatoka ya Mutsamudu, wakasema ni mpelelezi. Wakamfunga.

Moroni nako, mfungwa alikula kinachotoka kwao. Mimi niko Hombo, baba yake alikwisha kufa, dada yake kaolewa Domoni huku huku kisiwani. Nilikaa nikihesabu siku ambazo kijana mwenye afya anaweza kukaa bila kula. Kila nilipohesabu nilipata jibu tofauti, na hakuna lililonifaa.

Perline akaja. "Yuko sista mmoja Moroni, Oliva, Mmadagaska mwenzangu. Yeye huenda gerezani huko. Nitampigia simu nimpe jina la Yazid."

"Atamlisha?"

"Atamlisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kafungwa."

Jibu hilo halikunituliza hata kidogo. Kitu unachopewa bila sababu kinaweza kukatwa bila sababu. Nikamwambia, "Sikiliza. Mimi nitawaingizia chakula wale wanane wako. Yeye naye amlishe Yazid. Sufuria kwa sufuria."

"Haina haja, Hayati. Atamlisha tu." Hayati ndilo jina langu.

"Ina haja. Mwambie hivyo hivyo nilivyosema."

Perline akanitazama kwa huruma, lakini akakubali kumwambia.

Bi Zaitoun, ambaye hakuna asilolijua, alinipa jina moja la wale wanane: Msa, wa Badjanani, umri kama wa Yazid. Jina moja lilinitosha. Nilipokuwa na Yazid mchanga tuliishi Moroni miaka miwili, marehemu mume wangu alipokuwa karani huko, na Combo alilijua hilo. Nikapika wali na samaki mkavu, nikaifunga sufuria kwa kitambaa changu cha maua mekundu, nikampa Perline abebe, tukashuka.

"Unamletea nani, bweni?"

"Msa wa Badjanani. Ni mwanangu wa kunyonya."

Combo akaweka kalamu chini. Kwetu hilo si neno la kutupa ovyo. Mtoto uliyemnyonyesha ni mtoto wako, sheria inakutambua, na wanao ni ndugu zake mpaka kiama.

"Wewe ulimnyonyesha?"

"Mamake aliugua. Nilikuwa na Yazid kifuani. Ningemwachaje?"

"Mara ngapi? Fundi wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha, zisipotimia tano hahesabiwi mtoto."

"Zilipita tano. Alikuwa mlafi."

"Unajua binti zako wote sasa ni haramu kwake."

"Ninaye mmoja na ameolewa."

Combo akaandika polepole, akisoma kila neno kwa sauti. Kisha akasema, "Sufuria hii ni kubwa kwa mtu mmoja."

"Wako wanane chumba kimoja. Ungependa mwanangu ale huku saba wanamkodolea macho? Mama yako angependa?"

Mama yake Combo alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na mimi nilikuwapo siku ya kuoshwa kwake. Akatazama pembeni. "Na huyu?" Alimwonyesha Perline kwa kalamu.

"Ananisaidia kubeba."

Hilo lilikuwa kweli kabisa. Basi mwanamke aliyetumwa na Bwana wake aliingia gerezani kama mchukuzi wangu, na mimi ambaye sikutumwa na mtu niliingia kama mama.

Kwenye mlango wa chumba niliita, "Msa, mwanangu," kwa sauti ya kumfikia Combo. Kijana mrefu, shati limechanika bega, akanitazama. Akaitazama sufuria. "Mama," akasema, "umechelewa." Nikajua huyu hatafia gerezani.

Tulipokuwa tunarudi, nusu ya mlima, Perline alisimama.

"Umesema uongo mlangoni."

"Wameshiba?"

"Wameshiba. Lakini mimi nilitaka kuingia kwa ukweli."

"Kwa ukweli ungeingia mwakani."

"Nitakuombea."

"Mwombee Yazid. Mimi nitajitazama."

Tukaenda hivyo kila siku, Septemba, Oktoba, Novemba. Nadhani Perline alikuwa ametayarisha maneno ya kuwaambia wale vijana juu ya Mungu, maana siku za kwanza midomo yake ilikuwa ikichezacheza njiani. Vijana hawakumuuliza lolote juu ya Mungu. Walimuuliza kama ana sindano. Akaleta sindano, uzi, viraka na ile chaki bapa ya ushonaji, akakaa kwenye sakafu ya saruji akishona suruali huku wenyewe wamejifunga mashuka.

Siku ya nne au ya tano mmoja wao alimuuliza kibla kiko wapi. Chumba chao kilikuwa na tundu moja tu karibu na dari, na tangu waingie walikuwa wakisali kwa kukisia, wawili wanaelekea huku, sita kule, na ugomvi baada ya kila sala. Perline akatoka kwenda kumuuliza Combo. Akarudi, akapiga magoti, akachora kwa chaki mstari ulionyooka ukutani, na mshale juu yake, kama anavyochora anapotaka kukata kitambaa. Combo hakumwamini, akaja mwenyewe kuupima. Alisimama pale kitambo, akainamisha kichwa huku na huku. Mwisho akasema, "Umenyooka." Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza ya kidini ya Perline gerezani.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuitazama sufuria. Iliporudi tupu, nilikuwa na amani mpaka kesho. Ikibaki tonge, nilijua kwamba Moroni nako limebaki pengo katika tumbo la mwanangu. Perline alisema huo ni upuuzi, na huenda ni kweli, lakini wa kwake hakuwa amefungwa. Siku moja Msa alipata homa akala nusu. Nikakaa mbele yake.

"Kula."

"Siwezi, mama."

"Kula. Yuko mtu Moroni anashiba kwa tumbo lako."

Akanitazama kama anayefikiri kumwita mlinzi, kisha akala.

Kila Ijumaa Perline alikwenda kupiga simu Moroni, siku ambazo simu zilikubali. Alirudi na neno moja. "Anakula."

"Umesema na sista mwenyewe?"

"Nimesema naye."

"Kamwona Yazid kwa macho yake?"

"Anakula, Hayati."

Niliona hakunijibu. Niliona pia kwamba kila nilipomuuliza hivyo alikwenda kutia uzi katika cherehani ambayo tayari ilikuwa na uzi. Perline hasemi uongo, kwa hiyo haikuwa kazi ya kutafuta uongo. Ilikuwa kazi ya kutafuta ukweli alioukalia, na huo sikuupata. Nilikonda. Nguo zangu zote zilipunguzwa, na aliyezipunguza ni yeye.

Mwanzo wa Disemba, kabla ya Ramadhani, walikuja watu wa nje, wenye suti na mifuko ya karatasi, wakakubaliana na wakubwa wa pande zote: wafungwa kwa wafungwa. Combo akasimama mlangoni na daftari lake akisoma majina, na lilipofika la Msa alisoma lote kama lilivyoandikwa, "Msa wa Badjanani, mwana wa Hayati kwa kunyonya." Msa akaja kuniaga. Akaniinamia mkono akanong'ona, "Nilikuwa mlafi kweli?" Combo alikuwa amemsimulia.

Tukaenda uwanja wa ndege wa Ouani. Wanane wakapanda, na katika ndege ile ile walikuwa wameshuka vijana wetu. Nilimtafuta mwanangu miongoni mwa waliokonda, nikamkosa. Alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amenenepa. Mama gani hulalamika kwa hilo? Lakini baada ya miezi mitatu ya kukonda kwa niaba yake, nilihisi kama nimechezewa.

"Huyo sista kakulisha vizuri," nilimwambia.

"Sista gani?"

"Sista Oliva. Wa Kikristo."

"Sikumwona sista yeyote, mama. Alikuwa anakuja mama mmoja wa Badjanani, Bi Dhakia, kila siku, na sufuria ya kitambaa cha kijani." Kisha akainamisha macho. "Mama, ni kweli alininyonyesha ulipokuwa na homa? Aliwaambia walinzi hivyo, na mimi niliona haya kumuuliza."

Niliuliza Bi Dhakia huyo ni nani. Yazid akasema ni mama mwenye mtoto aliyekuwa amefungwa kwetu. Askari. Anaitwa Msa.

Nilifika kwa Perline bila kuvua viatu. Alikuwa anatia uzi katika cherehani.

"Sema," nikamwambia.

Akasema. Sista Oliva, aliyezoea kuingia, safari hii alikuwa amezuiwa mlangoni tangu siku ya kwanza. Walinzi wa Moroni walimuuliza swali lile lile, wewe ni nani wake, na yeye akatoa jibu lile lile la Perline. Kabla hata ya Ijumaa ya kwanza alimuuliza Perline kwa simu, ninyi mmeingiaje?

"Nikamwambia ukweli," akasema Perline. "Neno kwa neno. Uliyoyasema wewe, na aliyoyajibu Combo."

"Hata zile mara tano?"

"Hata ulafi."

Bi Dhakia alikuwa anakwenda kwa masista kila asubuhi kuuliza kama kuna habari za Msa. Sista Oliva naye hasemi uongo. Akamweleza Bi Dhakia mambo yalivyo, kwamba mwanawe anakula Mutsamudu, na analishwa na nani, na huyo nani aliingiaje. Bi Dhakia hakuhitaji kufundishwa zaidi. Adhuhuri ile ile alikuwa mlangoni na sufuria. Hivyo wanawake wawili wasiosema uongo waliusafirisha uongo wangu baharini bila kumwaga hata tone.

"Miezi mitatu, Perline. Mbona hukuniambia?"

"Ungesema mama wa Msa atamlisha Yazid sumu."

Nilitaka kukataa. Lakini ndivyo hasa ambavyo ningesema, na ningelisema kila siku.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Disemba, wakubwa wetu waliojitoa Moroni wakajitoa wao kwa wao. Zikapigwa risasi katika vichochoro vya mji kwa siku kadhaa. Upande wa Combo ukashindwa, na Combo akatiwa katika gereza lile lile, chumba kile kile. Mkewe na watoto walikuwa wamekimbilia Mayotte.

Perline akanijia ukutani. "Combo yuko ndani."

"Vizuri."

"Hana wa kumletea chakula."

"Alitusimamisha juani siku tatu."

"Alinisimamisha mimi," akasema Perline. "Wewe ulikuwa umejificha nyuma ya Bi Zaitoun."

Nikamwambia nina kazi. Na nilikuwa nayo, siku zote mtu ana kazi. Lakini sababu haikuwa hiyo. Yazid alikuwa nyumbani, anatengeneza jokofu la jirani. Ng'ambo hakukuwa na sufuria ya kulinganisha na yangu. Nilikuwa ninaombwa nitoe bure, na kitu cha bure nilikuwa nimekiogopa maisha yangu yote, kukipokea na kukitoa.

Perline akafunga sufuria yake akashuka peke yake. Akarudi nayo imejaa. Siku ya pili vile vile. Alitugawia muhogo, kama zamani. Nilipoula wa siku ya pili nilijua ninakula cha Combo, na kwa mara ya kwanza muhogo wa Perline sikuumaliza.

Siku ya tatu nilifunga wali katika kitambaa changu cha maua mekundu. Tukashuka wote wawili.

Mlinzi alikuwa mgeni, mtu wa Domoni, na daftari jipya. "Wewe ni nani wake?"

Combo ananizidi umri miaka miwili. Nilitafuta kichwani uongo wa kumfaa mtu kama huyo, na nikakuta hakuna. Perline alisimama kando yangu, na nilimjua, atasema ametumwa, na tutarudi na wali wetu.

"Si mtu wake," nikasema. "Ana njaa tu."

Mlinzi alikwisha kunyoosha mkono kuturudisha, sauti ikatoka ndani, sauti ile ile iliyokuwa ikisoma majina. "Waache wapite, bwana wee. Huyo mama amenyonyesha gereza zima."

Wanawake wa foleni wakacheka, mlinzi naye akacheka bila kujua anachekea nini, na mtu akishacheka hawezi tena kufunga mlango vizuri. Tukaingia.

Combo alikula kwa haraka, ameelekea ukutani kwa haya. Ule mstari wa chaki ulikuwapo bado, umefifia. Perline akatoa chaki yake mfukoni akaanza kuukoleza.

"Na leo, bweni," Combo akaniuliza, kinywa kimejaa, "wewe kakutuma nani?"

Nikamwonyesha Perline.

"Na yeye?"

"Unajua. Si ulishika kalamu kumwandika?"

Combo akatafuna, akameza. "Sikumwandika," akasema. "Niliacha nafasi."

Perline hakugeuka. Alisema tu tufanye haraka, maana kesho tutahitaji sufuria ile ile.